Njuga Nilizozifunga

Yule mwenye mieleka namchukia hadi leo, na sitaki mtu aniambie nimsamehe kwa kuwa ameshakufa. Ndiye aliyeandaa mapambano na kukusanya viingilio; alikuwa na lori, kipaza sauti, na pua ya kunusa watu wanataka nini.

Mume wangu alipakia makaa kwenye karakana ya reli hapa Nakuru. Jumapili alasiri alikuwa bingwa wa mieleka, na watu walitoka Njoro, Gilgil, hata Naivasha kuja kumwona. Kisha siku moja akaangushwa vibaya. Shingo ikaumia, mkono wa kushoto ukakosa nguvu hata ya kufunga kifungo cha shati. Daktari alisema akianguka vile tena hatatembea.

Kwetu magharibi mtu haachi mieleka kimyakimya. Anafungua njuga zake mguuni mbele ya watu na kumfunga kijana anayemfuata, na hapo amekwisha. Hashikani na mtu tena. Mume wangu alifanya hivyo uwanjani huku akilia. Mimi nililia kwa furaha, nikijua nitazeeka na mume mzima.

Mwaka haukuisha. Kijana aliyepewa njuga alimwangusha kila aliyekuja, watu wakachoka kutazama jambo ambalo mwisho wake wanaujua, uwanja ukabaki nusu. Ndipo lori likapita kwenye nyumba za reli likitangaza kwamba bingwa amerudi. Sisi tulisikia kama watu wengine, mimi nikiwa nasonga ugali. Nilimwendea mwenye mieleka na unga mikononi.

"Tulia, mama," aliniambia. "Ni kusalimia watu tu. Atazunguka uwanja, basi."

Jumapili hiyo hapakuwa na pa kukanyaga. Mume wangu alizunguka akipunga mkono wake mzima. Mwenye mieleka akawauliza watu kwa kipaza sauti kama wametoka mbali kote huko kuja kumwona mtu akitembea. Unajua walivyojibu. Kijana akaitwa, akaambiwa afungue njuga azirudishe, kama sufuria ya kuazima. Mbele ya watu wa kwetu wote. Nilitamani ardhi inimeze.

Wakashikana, na mume wangu akamlaza kijana chini. Nami, Mungu anisamehe, nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Lakini nilikuwa mbele kabisa, nikaona kijana akiliweka bega lake chini mwenyewe, taratibu.

Wiki nzima mume wangu alikuwa akiimba. Lori likapita tena: bingwa atapambana na mgeni kutoka Kisumu. Mgeni huyo hakumjua mume wangu, hakuwa na sababu ya kumhurumia. Nikamwambia mume wangu ukweli, kwamba kijana alijiangusha.

"Najua," alisema. "Aliniambia sikioni, 'Nishike vizuri, mzee.' Lakini watu hawakujua, mama watoto. Uliwasikia wakiniita?"

Jumamosi nilichukua njuga zile nikazitupa chooni, nikijua mtu wa kwetu hawezi kuingia uwanjani bila njuga. Nilijiona mjanja kweli.

Jumapili lori lilisimama mlangoni kwetu, limejaa watu wakiimba jina lake. Mume wangu aliwaambia hana njuga. Mwenye mieleka wala hakushangaa. Akatoa mfukoni njuga mpya za dukani, akampa, akarudi garini kungoja.

Mume wangu alikaa kitandani akihangaika na kamba. Mkono wa kushoto ulikataa. Nje walizidi kumwita, naye akainua uso akanitazama kama ambavyo hakuwa amenitazama tangu aache mieleka.

Nikapiga magoti nikamfunga.

Jioni lori lile lile lilimrudisha, kipaza sauti kimezimwa. Wanaume wanne walimlaza kitandani na mwenye mieleka hakushuka. Nilipiga magoti tena nifungue njuga. Fundo nililifunga mimi, lilikuwa gumu, nikalivuta kwa meno mpaka kamba ikamchana ngozi. Hakuhisi.