Alama Mbili za Magoti

Mama Funguo ametunza nyumba ya Mwasisi wa taifa miaka ishirini na sita, tangu ilipogeuzwa makumbusho. Anafungua mapazia, anafuta vumbi, anawakemea wanafunzi wanaotaka kukalia kiti cha marehemu. Jina lake halisi limebaki kwenye barua ya ajira tu.

Chumba cha kusomea kina ubao wa kupigia magoti, na juu yake vishimo viwili vilivyochimbwa na mtu aliyesali hapo miaka nenda miaka rudi. Hivyo ndivyo vilivyoleta kizaazaa. Jubilei ya uhuru ilikuwa inakaribia, na mkurugenzi wa makumbusho alikuwa amechongesha kibao cha shaba: "Hapa Mwasisi alisali kila asubuhi." Mchungaji aliyekuwa kwenye kamati aliridhika kabisa. Mwalimu wa historia alishikilia kwamba Mwasisi alichukua kusoma na kuandika kutoka shule ya misheni, dini akaiacha mlangoni, ndiyo maana katiba yake haikupendelea imani yoyote. Walibishana wiki tatu, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza anayefuta vumbi.

Naye alijua. Magoti yale yalikuwa ya mama yake mzazi, dobi wa nyumba ile.

Aliuma ulimi. Nyumba ile ndiyo iliyomlea. Mwasisi mwenyewe alimfundisha kusoma, tena kwa Injili ileile aliyofundishiwa na wamisionari, kwa kuwa, alivyosema, njia nyingine hakuijua. Leo asimame mbele za watu amvue mzee wa watu sala zake? Aliona ni utovu wa shukrani. Lakini kibao kikishapigwa misumari, mama yake ndio amefutika, na hilo nalo lilikataa kushuka kooni.

Ijumaa asubuhi fundi akaja na nyundo kupigilia kibao, mkurugenzi, mchungaji na mwalimu wakishuhudia. Mama Funguo akajikaza kisabuni.

"Bosi, samahani. Hebu piga magoti hapo."

Mkurugenzi, mtu wa miraba minne, alidhani anataniwa. "Mimi?"

"Wewe. Mwili wako na wa mzee ni mmoja, makoti yake si nayapiga brashi kila wiki."

Akapiga. Goti moja likaingia nusu, la pili likabaki nje kabisa. Kisha Mama Funguo akapiga yeye, na yote mawili yakakaa sawia. Fundi akaweka nyundo chini.

"Ni ya mama," alisema, bado yuko chini. "Alikuwa anasali kwenye sementi ya chumba cha kufulia, maji matupu. Mzee akamwona, akaita seremala. Akamwambia, 'Dada, njoo usalie kwangu, huku kumekauka. Na mimi unitaje. Nimejaribu mwenyewe, sijui nianzie wapi.' Basi kila siku mama akipiga magoti, yeye anasimama pale dirishani, kofia mkononi, mpaka amalize. Ndipo anaenda kazini."

"Alikuwa anaitikia amina?" mchungaji aliuliza.

"Sikuwahi kumsikia. Ila hakuwahi kuondoka kabla ya amina ya mama."

Mchungaji akatazama dirisha. Mwalimu naye akalitazama. Kila mmoja alikwenda nyumbani akiamini ameshinda, na Mama Funguo hakuwa na haja ya kuwaharibia furaha yao.

Kibao cha sasa kinasema: "Ubao huu Mwasisi alimtengenezea dobi wake, aliyemwombea hapa kila asubuhi." Chini yake kuna jina la dobi, lake na la baba yake, herufi kubwa.

Kabla ya kufungua mlango wa wageni, Mama Funguo hupiga magoti hapo, jambo ambalo yeye mwenyewe huwakataza watu kutwa nzima. Hushukuru kwa ajili ya mama yake. Kisha humtaja mzee, kwa kuwa aliomba atajwe.