Ufunguo Kwenye Msumari

Dada yangu mkubwa ni mkaguzi wa mizani. Kwa miaka ishirini na sita amezunguka masokoni, madukani na kwenye maghala. Anaweka mawe yake kwenye sahani ya mizani ya mtu, anatazama mshale, na ukidanganya hata kwa uzito wa kijiko cha chumvi, anaifunga mizani ile kwa waya na lakiri. Wafanyabiashara wamejaribu kumhonga kwa kila kitu, kuanzia kuku mpaka posa, na hawakumpata. Naanza na hili ili ujue kwamba ninayemsimulia si mjinga. Nimesikia wakimwita hivyo, na waliomwita hivyo ndio wanaoendesha gari lake.

Gari lake la kwanza lilikuwa jekundu, la milango miwili na gia tano za mkono. Alilinunua mwaka aliopandishwa cheo, kwa jasho lake, bila kuomba ushauri wa mtu. Mumewe hajalisahau jambo hilo hadi leo. Huyu shemeji yangu tunamwita Mkurugenzi, kwa sababu alistaafu ukarani lakini hajastaafu kutembea kama mwenye ofisi. Wiki ile ile gari lilipofika alitaka kulionyesha nani mwanamume. Akakanyaga, akaachia, gari likaruka kama mbuzi likazimika. Akarudia mara nne, mpaka klachi ikanuka ua mzima. Akashuka, akajifuta jasho, akasema gari ni korofi. Jina likashika: Mkorofi.

Mwanawe wa kwanza, mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja anayekaa chumba cha mbele "kwa muda", alijifunza kuendesha kwenye otomatiki. Alipoona kanyagio la tatu aliuliza ni la nini.

Basi Mkorofi akabaki wa dada. Hakumnyima mtu, hawakumweza tu. Ufunguo ulilala kwenye mkoba wake. Kiti kilikaa pale pale, kimesogezwa mbele kabisa, maana dada ni mfupi na hapendi kukumbushwa. Kwenye buti kulikuwa na masanduku mawili ya mawe ya mizani. Tunayaita mawe, lakini ni ya shaba, na dada huyashika kwa kitambaa, kwa kuwa hata mafuta ya kidole anasema yana uzito. Asubuhi aliondoka saa anayotaka, kwa njia anayotaka.

Na kila Ijumaa alinipitia kibandani kwangu ninakoshona mapazia, tukapanda barabara ya mlimani bila shughuli yoyote. Hapo ungemwona dada yangu mwingine. Anashusha gia kabla ya kona, injini inanguruma, anaikata kona, anapandisha gia, anacheka. Anacheka kwa sauti, mdomo wazi, mtu ambaye nyumbani kwake hucheka kwa pua. Mimi nilikuwa nimeshikilia mlango kwa mikono miwili, nasali. Akinishusha ananiambia, "Mdogo wangu, humo ndani mimi nina akili zangu zote."

Halafu mafuta yakapanda bei. Yakapanda tena. Mkorofi alikuwa mlevi wa petroli, hilo hatukatai. Mkurugenzi akapata hoja aliyoisubiri miaka kumi na moja.

"Mama, hili gari linatumaliza," alisema siku moja mezani, kana kwamba ni yeye aliyekuwa akilijaza. "Siku hizi watu wenye akili wanaendesha haibridi. Linatumia betri, linatumia petroli, linajichagulia lenyewe. Na wewe ni mtu wa vipimo. Mtu kama wewe ndiye wa kutuonyesha mfano."

Kilemba cha ukoka hicho, na alimvika mbele ya watoto. Kijana wake akaongezea kwamba yadi moja ya magari inapokea gari la zamani na kukupa haibridi kwa nyongeza ndogo. Dada akatoa vyombo.

Kesho yake alikuja kwangu. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akachukua kipande cha kitambaa akakikunja na kukikunjua.

"Nibadilishe, nisibadilishe?"

Hapa ndipo ninapojichukia. Nilijua jibu. Mimi ndiye niliyekaa ubavuni mwake kila Ijumaa, nikamsikia akicheka. Lakini magoti yangu yalikuwa yameanza kuuma, na kuingia kwenye gari la milango miwili kulikuwa adhabu. Nikafikiria mlango mpana, kiti cha juu, dada akinipeleka kliniki bila mimi kukunjwa kama shuka.

"Badilisha, dada," nikasema. "Raha haijazi tangi."

Akakiweka kile kitambaa mezani. Kisha akasema atapima kwanza.

Na kweli akapima, kama anavyopima kila kitu. Aliazima haibridi pale yadi kwa siku moja. Alichukua kopo la kupimia la ofisini, lenye muhuri. Akatia kiasi kile kile cha petroli katika magari yote mawili, akapita njia ile ile, mlima ule ule, na masanduku yale yale ya mawe kwenye buti. Mkorofi akanywa yote na kuomba nyingine. Haibridi likarudi na zaidi ya nusu. Aliandika matokeo kwenye karatasi, akanionyesha. Mshale haukuwa na ubishi.

Kabla ya kumtoa, alimpeleka Mkorofi kwa fundi wake wa gia, mzee mmoja mchafu wa mikono na msafi wa maneno, ili asimpe mtu gari lenye kasoro. Nilikuwepo. Fundi alipanguza mikono akasema, "Mama mkaguzi, hili gari halikuhitaji kengele ya wezi. Mwizi wa siku hizi hajui klachi. Hilo unalolichukua, kila mtu ni dereva."

Dada akacheka. "Kwangu hakuna wezi, fundi."

Wiki ya kwanza haibridi lilikuwa lake. Liliondoka kimya mpaka akadhani halijawaka. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unatafuta klachi, unakanyaga sakafu. Aliniambia ni kama kupapasa kitandani ukakuta mwenzio hayupo. Mimi nilipelekwa kliniki nimekaa kama waziri, magoti yamenyooka, nikasifu viti.

Wiki ya pili kijana akapigilia msumari ukutani karibu na mlango wa mbele. "Ili ufunguo usipotee, mama. Gari ni la familia sasa." Dada, ambaye hajawahi kupoteza ufunguo maishani, akautundika. Nilipomuuliza kwa nini, alisema kukataa kungeonekana ubaya.

Bandu bandu huisha gogo. Mkurugenzi alianza na msiba wa rafiki, na nani atamkatalia mtu msiba. Kisha mikutano ya wastaafu, ambayo kabla ya haibridi haikuwahi kuwepo. Kijana akawa na shughuli asubuhi, na kuchukua wenzake jioni. "Halili mafuta, mama," walisema kila mara, hata kabla hajauliza. Dada akawa anatoka nje kwenda kazini na kukuta ua mtupu. Siku gari likiwepo, kiti kimesukumwa nyuma kabisa, miguu yake haifiki, na redio inampigia kelele. Alikuwa akikisogeza kiti mbele kila asubuhi, na jioni akikikuta kimerudi nyuma. Aliyelalamika ni mimi. Nilimwendea Mkurugenzi nikamwambia gari lile ni la kazi ya mkewe.

"Shemeji," akanijibu kwa upole unaotia kichefuchefu, "wewe si ndiye uliyemshauri?"

Nikafyata mkia nikarudi kwenye cherehani yangu.

Lililotuvunja ni mawe. Mkurugenzi alitaka buti kwa viti vya mkutano, akateremsha masanduku yote mawili na kuyaacha barazani. Dada alikuwa ameondoka kwa lifti ya mwenzake wa ofisini kwenda semina. Aliporudi siku ya tatu, mlango wa mbele ulikuwa umeachwa wazi kupitisha hewa, na kilichouzuia usijifunge ni jiwe lake la kilo kumi. Shaba ile anayoishika kwa kitambaa ilikuwa inasukumwa kwa viatu. Ilikuwa na mkwaruzo na kishimo ubavuni.

"Ah, hicho chuma?" alisema Mkurugenzi. "Si kizito tu hicho?"

Dada aliliokota kwa mikono mitupu. Alikuja nalo kwangu amelipakata, na hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu mazishi ya mama kumwona dada yangu akilia. Alilia kwa hasira, machozi yakidondokea shaba.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Jiwe lilipopimwa lilipungua kitu kidogo mno, chini ya punje chache za mchele. Lakini mtu aliyefunga mizani za watu kwa kosa la kijiko cha chumvi hawezi kuzunguka na jiwe bovu. Akaliripoti mwenyewe. Ofisi ikauliza lilikuwa wapi. Akajibu kweli. Ikauliza mbona mwaka huu amekosa masoko saba katika ratiba yake. Akajibu kweli hiyo pia. Hawakumfukuza. Walimpa barua ya heshima na meza karibu na dirisha, agonge mihuri kwenye fomu za wakaguzi vijana mpaka astaafu. Masoko yake wakampa mtu mwingine.

Nyumbani walisema afadhali, sasa atapumzika. Na kwa kuwa hazunguki tena, gari wakalichukua moja kwa moja.

Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, na mimi huongeza kwamba nguo hiyo niliishona kwa mkono wangu. Nilimwambia hivyo, nikamwomba msamaha. Alinipigapiga mkono.

"Sikukusikiliza wewe, mdogo wangu. Nilisikiliza kipimo. Haibridi halikudanganya, kweli linakula kidogo. Nilipima petroli, nikasahau kuuweka ufunguo kwenye sahani." Kisha akaniambia, kwa sauti ya kusoma ripoti, kwamba tangu gari liwe la wote nyumba yao inanunua petroli nyingi kuliko siku za Mkorofi, kwa kuwa halipumziki. Na anayenunua ni yeye.

Mwezi uliopita nilimsindikiza kwa yule fundi wa gia. Alikuwa na shida ya kitasa cha kabati, alisema, na fundi ana vifaa. Tukamkuta Mkorofi amepaki gereji, boneti wazi. Mwenye gari sasa ni mwalimu mmoja wa kike, mrefu, alikuwa ameliacha libadilishwe sahani ya klachi na kwenda zake kunywa chai.

Kitasa hakikutajwa tena. Dada alizunguka gari mara moja, akagusa paa. Fundi alimtazama, akafunga boneti, akamfungulia mlango.

Akaingia. Kiti kilikuwa nyuma, cha mtu mrefu. Akakivuta mbele mpaka kikakwama pale pale pake pa zamani. Injini ilikuwa imezimwa. Akakanyaga klachi, akaingiza gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, taratibu, macho mbele kwenye ukuta wa gereji. Kwenye ya nne akashusha hadi ya tatu, kama kuna kona. Nikasubiri acheke. Nilisimama pale na magoti yangu, nikasubiri kabisa.

Simu ikaita mkobani, akapokea. Ilikuwa sauti ya Mkurugenzi, nami niliisikia kutoka nje ya dirisha: "Mama, uko wapi? Gari limeniishia mafuta njiani. Njoo nayo kidogo."

"Nakuja," akasema.

Akarudisha gia katikati. Akainama, akashika kishikio cha chini, akakisukuma kiti nyuma, akakitazama, akakisukuma tena kidogo, mpaka kikawa kama alivyokikuta. Ndipo akashuka.