Mifuko Niliyoiotesha Mipapai

Aibu hii ilinipata nikiwa bwana shamba katika kijiji kimoja cha ujamaa, karibu na Urambo. Mkutanoni niliomba kila kaya itoe mfuko mkuukuu wa kitambaa, ule wa kwendea dukani, tuoteshee miche ya mipapai. Asubuhi yake nikaikuta mifuko mbele ya duka la ushirika, imepangwa mstari hadi barabarani. Kichwa kikanivimba! Wala sikujiuliza mbona mingine mipya. Nikaizoa yote, nikaijaza udongo na samadi, nikapanda miche na kumwagilia huku nikipiga mluzi.

Mara lori la sukari likafika, akina mama wakatoka mbio majumbani. Kumbe ile mifuko ndiyo ilikuwa foleni yao. Waliiweka alfajiri kushika nafasi, wakarudi kwenye kazi zao. Sasa nani alitangulia? Wakagombana, wakasukumana, na mimi nimesimama na ndoo yangu kama zezeta.

Sukari ilipokwisha, Bi Tatu, ambaye binti yake alijifungua juzi, alinijia na mfuko wake ukichuruzika tope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia kwa upole. "Mimi nilikuwa wa kwanza. Sasa uji wa mzazi niutie nini?"