Siti za Nyuma Zikilazwa

Gari la baba lilikuwa refu, rangi ya maziwa, gia zake ziko kwenye usukani. Lilinizidi umri na lilinizidi kiburi: asubuhi za baridi haliwaki mpaka lisukumwe. Lilinuka nta, maana baba aliuza asali na alilijaza madumu kutoka Igalula. Lakini kazi yake kubwa haikuwa asali. Siti za nyuma zikilazwa, mtu mzima alinyooka humo bila kukunjwa mguu. Basi mtu wa mtaani kwetu akifia hospitalini Kitete, hakuna aliyeuliza habari ya usafiri. Walikuja kumgongea baba. Alitandika mkeka, akaenda kumleta marehemu nyumbani kuoshwa, gia ya pili njia nzima.

Mimi, niseme ukweli, nililionea aibu lile gari. Nilimsumbua baba miezi mingi, hatimaye nikamletea kigari cha kisasa, kinachowaka kwa kubonyeza kitufe na kunywa mafuta kwa adabu. Alikizunguka, akafungua mlango wa nyuma, akapima kwa mkono.

"Na maiti utamlaza wapi?"

Nilicheka. Nikamwambia yeye ni muuza asali, hakuajiriwa kubeba maiti za watu. Wiki ileile lile gari refu likanunuliwa na mtu wa Igalula, na watu wakaacha kuja kugonga. Baba hakulalamika, hata kiyoyozi alikipenda. Ila ukitokea msiba alikwenda kwa miguu, nami nikajifanya sioni.

Mwaka jana alifia Kitete, adhuhuri. Nilisimama nje na ufunguo wa kigari mkononi, nikipima kwa macho kitu ambacho yeye alishakipima. Nikampigia yule wa Igalula. Alinipa pole, akasema bodi aliikata zamani, akaiuza vyuma chakavu. Sijapata kujichukia kama saa ile.

Tulikodi pikapu ya kubebea matofali. Wajomba walikaa nyuma, wameushika mkeka usipeperuke. Dereva hakumjua baba, alikimbiza kama ana mzigo mwingine wa kuwahi. Nilimfuata ndani ya ubaridi wangu mzuri, nikimpigia honi apunguze mwendo. Alidhani nina haraka, akasogea pembeni kunipisha.