Kitambaa namba kumi na saba

Saa mbili na nusu asubuhi, injini ya tatu imelala. Zile mbili za upande wa pili wa ukuta zinanguruma hadi chai inatetemeka kikombeni, lakini hii iko kimya. Mwanamke mwenye ovaroli ya buluu iliyopauka amepiga magoti mbele yake, mkono wa kulia umezama hadi begani ndani ya tumbo la chuma. Anapapasa huku ametazama dari, kama mtu anayetafuta ufunguo ulioangukia nyuma ya kabati.

"Safi," anasema, na kuutoa mkono ukiwa umeshika kitambaa chekundu. Anakitupia ndani ya ndoo. "Kimebaki kifuniko kimoja. Tuhesabu kwanza."

Mtunza stoo, mwanamume mnene asiye na papara, anavitoa vitambaa ndani ya ndoo na kuvitundika kimoja kimoja kwenye ubao wenye misumari thelathini na miwili. Anapofika mwisho anarudi nyuma hatua moja. Vitambaa ni thelathini na kimoja. Msumari wa kumi na saba uko mtupu.

Hapo ndipo siku inapoharibika.

Mwanamke huyo wenzake humwita Mama Vitambaa, na yeye huitikia bila kinyongo. Ana miaka hamsini na moja. Kumi na tisa kati ya hiyo ameitumia hapa, kwenye kituo kinachosukuma gesi ndani ya bomba hadi viwandani. Injini zenyewe zinakula gesi hiyohiyo. Kila moja ina silinda kumi na sita na urefu wa lori, na kazi yake ni kuzungusha kompresa, yaani mashine inayoikandamiza gesi ili ipate nguvu ya kusafiri. Mbele huko kuna kiwanda cha vioo ambacho tanuri lake halitakiwi kupoa hata siku moja.

Kwa siku kumi na moja, yeye na mafundi watano wameifumua injini hii: wametoa pistoni, wamebadilisha beringi, wamesugua vali na kufunga upya. Ilipangwa iwashwe saa sita mchana. Na wote kituoni wanajua kwamba saa sita hiyo ilikuwa na lake jambo.

Fundi mkuu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, anastaafu mwisho wa mwezi. Majina ya kumrithi ni mawili: Mama Vitambaa, na mhandisi wa kituo kingine mwenye vyeti vya kutosha kufunika ukuta. Meneja hakuficha kitu. Aliwaambia kwamba injini ya tatu ndiyo mtihani, na kwamba anataka kuona kama Mama Vitambaa atamaliza kazi kwa wakati.

Mama Vitambaa cheti chake ni cha sekondari, tena anasema hakumbuki kilipo. Aliingia hapa akiwa msafishaji wa sakafu. Siku moja alimwambia fundi mkuu kwamba injini ya pili ina kwikwi. Mzee alicheka, akaenda kuifungua ili amwonyeshe kuwa amekosea, akakuta vali imelika upande mmoja. Wiki iliyofuata alimnyang'anya ufagio na kumpa spana.

"Nusu ya mshahara wa kwanza ilikwenda kwenye kodi ya chumba," anakumbuka. "Chumba kimoja, kitanda, jiko, na cherehani ya mume wangu katikati. Ukitaka kupita, unaomba njia."

Mume wake ni fundi cherehani, na vile vitambaa vya kufutia injini ni kazi ya mikono yake. Huvikata kutoka kwenye mabaki ya vitambaa vyekundu, akavipiga pindo pande zote nne ili uzi usichomoke ndani ya injini, kisha akashona namba pembeni kwa uzi mweupe. Mke hutania kwamba wake za mafundi cherehani wengine hushonewa magauni, yeye hushonewa matambara.

Utaratibu ni mmoja tu. Kitambaa hakitoki stoo bila saini kwenye daftari, na injini haifungwi mpaka vyote virudi. Mafundi wapya huuona kama upuuzi, mpaka wasimuliwe ulikotoka.

Miaka kumi na tatu iliyopita, injini ya kwanza iliwashwa baada ya matengenezo, ikafanya kazi kwa dakika arobaini, kisha ikaanza kusaga. Walipoifungua walikuta kitambaa kimevutwa na kuziba chujio la mafuta. Beringi zilikuwa zimeungua. Injini ilisimama wiki tatu. Lawama ikamwangukia kibarua aliyekuwa akifuta sakafu karibu na hapo, akaandikiwa barua na kurudishwa nyumbani.

"Kitambaa kilikuwa changu," anasema Mama Vitambaa. "Nilikijua mara tu nilipokiona. Nikanyamaza siku tatu. Nilikuwa napika, nanyamaza. Nalala, nanyamaza. Siku ya nne mume wangu akaniuliza kama nimefiwa."

Siku hiyo ya nne alikwenda ofisini akasema. Alisimamishwa kazi miezi miwili bila mshahara, na kibarua akarudishwa. Kibarua huyo ndiye mtunza stoo wa leo, huyu anayehesabu vitambaa.

Sasa wote wawili wanautazama msumari mtupu.

Kwanza wanapekua mapipa ya taka. Wanatingisha ovaroli, wanachungulia chini ya meza na nyuma ya mitungi ya hewa. Fundi mkuu anasema kwa upole kwamba huenda kimepeperuka tu. Vifuniko kumi na vitano vimeshafungwa kwa gasketi mpya, mafuta yameshamiminwa, na kuvifungua tena ni kupoteza nusu siku. Mzee yuko tayari kuweka saini yake mwenyewe. Anamtakia Mama Vitambaa mema, na yeye analijua hilo.

Meneja anaingia akiwa ameshika kofia yake ngumu mkononi badala ya kuivaa kichwani, jambo ambalo siku nyingine Mama Vitambaa angemkemea. Anauliza kama ana hakika kitambaa kimo ndani.

"Sina hakika, bosi," anajibu. "Ndiyo maana sifungi."

Meneja anaangalia saa ya ukutani, anageuka, anaondoka.

Wanamwaga mafuta. Wanafungua bolti moja baada ya nyingine, na kila kifuniko kinapotoka yeye anaingiza mkono, kisha kioo kidogo chenye mpini mrefu, kisha tochi, kisha mkono tena. Kifuniko cha tisa kimempa matumaini mafupi, kumbe ni mwanga wa tochi kwenye rangi. Saa sita inapita. Saa saba kifuniko cha mwisho kinawekwa chini, na tumbo lote la injini liko wazi, safi kama sahani iliyooshwa. Kitambaa hakimo.

Anakwenda kuketi stoo. Simu yake imepigwa mara mbili, na aliyepiga ni mumewe. Mikono yake imejaa mafuta, kwa hiyo anaibonyeza kwa ncha ya kidole na kuiacha mezani iongee kwa sauti.

"Mama watoto," mume anasema taratibu, "hiki kitambaa chako cha kumi na saba, namba niirudie kwa uzi wa njano? Mweupe umeniishia."

Mtunza stoo yuko palepale, na mwandishi wa makala haya yuko kati ya makopo ya grisi akijifanya anasoma maandishi yake. Kumbe Alhamisi iliyopita pindo la kitambaa hicho lilikuwa limefumuka, naye Mama Vitambaa akakitia mfukoni akipeleke nyumbani kikashonwe. Hakusaini daftari. Yule anayewapigia wenzake kelele kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, ndiye aliyekipitisha kitambaa getini.

"Mwosha huoshwa, dada," mtunza stoo anasema, lakini hacheki. Anausukuma mlango ukafungwa. Kisha anashusha sauti na kumwambia asiharibu bahati yake kwa ajili ya kipande cha nguo. Jioni mume akilete, asubuhi watasema kimeonekana kwenye pipa. Nani atauliza?

Anayesema hivyo ndiye mtu aliyewahi kurudishwa nyumbani kwa kosa la mama huyu. Mwandishi hakujua aangalie wapi.

Mama Vitambaa anafuta mikono, kidole kimoja kimoja. Machozi yanamlengalenga, na hayafichi.

"Mara ya kwanza nilichukua siku nne," anasema. "Nimekuwa mtu mzima sasa. Nisichukue hata dakika nne."

Alikwenda ofisini na ovaroli yake chafu, akabaki amesimama, akaeleza yote: kitambaa kilikuwa wapi, nani alikitoa, kwa nini hakikuandikwa. Meneja alimsikiliza hadi mwisho. Hakumlaumu na hakumfariji. Alimuuliza swali moja, kufunga kutachukua muda gani. Saa nne, akajibiwa.

Wakafunga. Saa kumi na moja na robo jioni kila fundi aliondoa kufuli lake la usalama kwenye vali ya gesi, la kwake likiwa la mwisho. Hewa ikalia kwa mluzi, mhimili ukaanza kuzunguka, silinda zikashika moto moja baada ya nyingine mpaka sauti ikawa moja. Aliweka kiganja juu ya kifuniko cha kwanza na kukiacha hapo muda mrefu, kama mzazi anayepima homa. Kisha akaitikia kwa kichwa, akaenda kunawa. Kwa hesabu yake, nafasi ya fundi mkuu ilikuwa imekwenda na yale masaa matano.

Barua ilitoka siku tisa baadaye. Meneja anasema alitafakari sana, na mhandisi yule ni mzuri. "Lakini mimi hulala nyumbani injini zikiwa zinafanya kazi," anaeleza. "Nataka mtu ambaye akikosea, nitajua kutoka kwake."

Siku yake ya kwanza kama fundi mkuu, Mama Vitambaa aliketi kwenye kiti cha mzee wake na kuandika barua ya onyo. Mhusika alikuwa yeye mwenyewe: kutoa kifaa stoo bila kusaini, na kuchelewesha injini ya tatu kwa saa tano. Akaisaini kama mtoaji, akaisaini tena kama mpokeaji, akaipeleka stoo ili mwenzake aweke saini ya shahidi.

Siku hizi vitambaa havitoki getini. Kila Jumamosi mumewe ndiye anayekuja na sindano na uzi, akakaa kwenye kiti cha stoo na kurekebisha pindo, huku akilalamika kwamba wenzake huitwa kushona suti za harusi. Mke amebakiza miaka tisa astaafu. Ndoto yake si kubwa: kufundisha mafundi wawili wanaojua kuhesabu, na siku ya kuondoka auache ubao umejaa.

Mtunza stoo anakiri kwamba ile barua ilimshinda kuelewa. Alimuuliza, ya nini kujiandikia onyo ilhali hakuna aliyelidai?

"Wewe uliwahi kubeba barua isiyokuwa yako," alimjibu. "Hii ina mwenyewe."

Mtunza stoo alisaini. Kisha wakaanza kuhesabu vitambaa vya injini ya kwanza, inayofumuliwa wiki hii.