Kumtoa Kipa Tukiwa Tunaongoza

Kocha wetu, marehemu sasa, alikuwa Mhindi wa Upanga, Dar es Salaam. Wazazi wake walimleta Kanada akiwa na miaka tisa, wakakaa Don Mills, mtaa wa Toronto, na huko akajifunza magongo ya barafuni kwa kuwaonea wivu watoto wa jirani. Kiswahili chake kiliishia kwenye umri ule. Aliniamkia shikamoo kila siku ingawa nilimzidi miaka sita tu. Nilipomkataza, alisema mama yake angemchapa.

Mimi ni mtu wa Morogoro, darasa la saba, fundi baiskeli. Nilifika Toronto mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikapata kazi kwenye uwanja mmoja wa barafu kule Scarborough, kunoa viatu vya wachezaji. Kiatu kina chuma chini, na chuma hicho hunolewa kwenye jiwe linalozunguka mpaka kingo mbili zitoke sawasawa. Ukikosea kidogo, mchezaji anaanguka. Nilikuwa sikosei sana, kwa hiyo nikafanywa mtunza vifaa wa timu yetu ya vijana wa miaka kumi na minane hadi ishirini, nikawa nasimama kwenye benchi kando ya kocha.

Yeye mwenyewe alicheza kwa kulipwa misimu minane, ligi za chini, miji midogo. Hakuwa mfungaji. Kazi yake ilikuwa kuwabamiza wapinzani ukutani ili wafungaji wapate nafasi, na wao wakambamiza kwa zamu yao. Aliniambia enzi hizo ukigongwa kichwa unaonyeshwa vidole, unahesabu, unarudi uwanjani. Alijifunza kujibu "viwili" bila kutazama, maana daktari wa timu yao alionyesha viwili siku zote.

Kwenye benchi tuliongea Kiswahili. Vijana walitutania kwamba tunawasengenya, na mara nyingine ilikuwa kweli. Msimu wetu wa tatu pamoja, mwezi wa Novemba, Kiswahili kile kikapata kazi nyingine. Kocha alianza kuniuliza kwa sauti ndogo hiki ni kipindi cha ngapi, na nani ametoka kupumzika, wakati ubao wa matokeo ulikuwa mbele ya macho yake. Nilimjibu huku nikijifanya nafunga utepe kwenye gongo. Nilimwomba aende hospitali. Akasema ataenda msimu ukiisha, akaniapisha nisimwambie mtu.

Jumapili moja ya Machi, msimu huohuo, mchana, tulicheza mechi ya mtoano. Ilibaki dakika moja na sekunde kidogo, tunaongoza tatu kwa mbili. Katika mchezo huu timu iliyo nyuma, muda ukikaribia kwisha, humtoa kipa na kuingiza mshambuliaji wa ziada, goli likabaki wazi. Ni kamari ya mtu asiye na cha kupoteza. Anayeongoza hafanyi hivyo hata akiwa amelewa.

Kocha akapanda juu ya benchi, akamwita kipa wetu kwa mkono.

Kipa akasita. Kocha akamwita tena, akapiga ukuta wa mbao kwa ngumi. Vijana wale walikuwa wamezoea kumtii. Kipa akaacha goli, akaja mbio.

"Kocha, tunaongoza," nikasema.

"Tuko nyuma moja."

"Tazama ubao. Tunaongoza sisi."

Alitazama. Nikaona macho yake yakizipitia zile namba bila kuzielewa. Kipa alifika karibu yangu kabisa. Ningenyoosha mkono, ningemsukuma arudi. Sikunyoosha. Niliogopa kumwaibisha mwenzangu mbele ya watu. Kile kisahani cheusi kinachochezwa badala ya mpira kikapigwa na mpinzani kutoka mbali, kikateleza polepole, kikaingia golini mwetu peke yake, ikawa tatu kwa tatu. Katika muda wa nyongeza tukafungwa.

Mzazi mmoja jukwaani alimuuliza kocha kwa sauti amelipwa na nani. Kufika Jumanne, swali lile lilikuwa kila mahali.

Jumanne hiyohiyo kocha alinikuta kwenye chumba changu cha kunolea, akafunga mlango. Alikuwa mzima siku hiyo, anaelewa kila kitu.

"Waache waseme nimeuza mechi," alisema. "Mwizi anapata timu nyingine, kaka. Mgonjwa wa kichwa hapewi hata watoto wa miaka sita."

"Na mkeo akisikia unaitwa mwizi?"

"Mke wangu hajui kitu. Na wewe hujui kitu."

Alhamisi kamati ya klabu iliniita. Walikuwa watu watatu. Waliuliza kocha alisema nini pale benchi alipomwita kipa, kwa kuwa mimi peke yangu nilielewa lugha ile. Ningeweza kusema kelele zilikuwa nyingi. Mwenyekiti akauliza kama sijaelewa swali. Nilikuwa nimelielewa. Nikawaambia yote. Niliamini naliokoa jina lake.

Kesho yake akaachishwa kazi. Kamati ilitangaza kwamba sababu ni za faragha. Nadhani walifanya hivyo kwa kumheshimu. Neno ugonjwa halikutajwa, kwa hiyo watu wakaelewa walivyotaka, na uvumi wa kuuza mechi ukakomaa. Nilimnyang'anya kazi, na jina lake likabaki chafu vilevile. Alipokuja kuchukua vitu vyake hakuniamkia. Hakupata timu tena. Nilikwenda kwake Don Mills mara mbili, kwa basi, na mara zote mbili mkewe alinijibu mlangoni kwamba amelala.

Mwaka huu amefariki. Siku ya maziko nilikaa nyuma kabisa. Nilipotoka, yule kipa, sasa mtu mzima mwenye upara, alinifuata kwenye maegesho ya magari. Tulisemezana habari za barabarani na baridi.

"Alituuza?" akauliza.

"Hapana. Alikuwa mgonjwa, kichwa kiliharibika kwa kugongwa enzi zake za kucheza. Alidhani tuko nyuma."

Akauliza nani mwingine alijua.

"Mimi," nikasema. "Tangu Novemba ya msimu ule."

Akafunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja, akaenda kwenye gari lake.