Maji Ambayo Venanti Hakuyaonja

Mnaonicheka kwa kutembea na chupa ya maji hata nikienda kanisani, leo nawaambia sababu. Mimi ni Skolastika wa Ntobeye, huku mpakani na Burundi. Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa msichana mwenye nguvu zake, nalima, nateka maji, na kila asubuhi natembea hadi kambini nilikokuwa kibarua wa kugawa chakula. Ugonjwa sikuujua. Kilichonisumbua ni mashaka tu, na hayo niliyanyonya kwa mama.

Kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele ya macho yako. Asipoonja, hunywi. Na miaka ile tulikuwa tumejazana watu tusiojuana, kila aliyekufa ghafla ilisemwa kapewa sumu. Mama alikuwa akiniambia nitazame koo la anayeonja, lipande na kushuka, maana wengine hugusisha midomo tu.

Wazungu wa mashirika walikuwa na mchezo wao wa kupanda vilima Jumamosi, wakalala hukohuko, wakarudi Jumapili. Sisi vibarua tuliwacheka, halafu tukatamani. Tukaondoka watatu: mimi, Odilia niliyesoma naye, na Venanti, kijana aliyekimbia kwao Burundi, tuliyefanya naye kazi. Mimi na Venanti tulikuwa tunangojea nafasi moja ya kudumu ghalani. Tulitaniana vizuri, lakini nilikuwa namwangalia kwa jicho la pembeni.

Kiangazi kilikuwa kikali. Miti ya vile vilima ilikwishaishia kwenye mafiga ya kambini na nyasi zilikuwa zimeungua, yamebaki mawe na vumbi, jangwa tupu. Jumamosi tulipanda kilima kimoja, tukalala juu tukiimba. Jumapili tukakiendea kirefu zaidi, mbali na nyumba za watu. Hatujafika kileleni, maji yakaisha. Kichwa kikaanza kunigonga. Jasho likakauka, ngozi ikawaka moto, misuli ya mapaja ikajikunja mpaka nikalia.

Ndipo Venanti akatoa kichupa cha maji kwenye mfuko wake. Kumbe alikuwa amekificha! Akaninyooshea bila kuonja, akaniambia ninywe yote, kisha akageuza uso. Kwa nini ageuze uso? Nilijiuliza hivyo kichupa kikiwa tayari mdomoni, maana kiu ilinishinda. Hatukwenda mbali nikatapika hadi nyongo. Nikajisemea, basi, ghala limeniua.

Tukashuka, Odilia akinikokota. Nikigeuka nyuma, Venanti simwoni. Nikamwambia Odilia kwamba Venanti amekimbia. Bondeni tulikuta wachungaji wa ng'ombe. Wawili wakapanda kumtafuta Venanti, wengine wakanipa maji, nami nikabana meno. Wale nao nitawajuaje? Wakanibeba kwenye machela hadi zahanati ya kambini nikiwa sijaonja tone.

Pale mganga alinivuta ngozi ya mkono, ikabaki imesimama. Nilipokojoa yalitoka matone machache, meusi kama chai ya rangi. Akasema sina sumu, nimekaushwa na jua, na figo zikizima hana la kunifanyia. Sikumwamini. Walinichoma dripu nikaichomoa. Nesi akaniletea maji ya chumvi na sukari, nikamtaka aonje. Akaonja huku akinung'unika. Lakini koo halikupanda. Nilimtazama vizuri, halikupanda, nikageukia ukutani.

Mama akafika na kibuyu cha dawa ya kutapisha.

"Mama, ukimtapisha tena utamzika," mganga akamwambia.

Mama hakumjali. Alisimama katikati ya wodi akimlaani Venanti kwa Kihangaza chetu, yeye na ukoo wake mzima. Kitanda cha pili kilikuwa na pazia, na nyuma yake mtu mwenye dripu. Tukasikia sauti iliyokauka ikimjibu kwa Kirundi, ambacho kwetu ni kama lugha moja.

"Mama, ningeonja nisingeweza kuacha."

Odilia akavuta pazia. Alikuwa Venanti, midomo imepasuka, macho yameingia ndani. Wale wachungaji walimkuta ameanguka kati ya mawe. Maji yale ndiyo pekee aliyobakiza, na hakuonja tone. Mama aliweka kibuyu chini, akakaa sakafuni. Mimi nikaomba kikombe cha nesi. Nikanywa, nikatapika, nikanywa tena. Kesho yake mkojo ulianza kutoka, na mganga akacheka kwa furaha.

Namshukuru Mungu, na wachungaji wale, na nesi niliyemsumbua. Wewe unayesikia, jasho likikauka juani, tafuta kivuli, kunywa kidogokidogo, wahi zahanati. Mashaka bado ninayo, siwadanganyi. Pombe ya mtu nisiyemjua natazama koo mpaka leo. Ila ukiwa mgonjwa, mashaka yako yasikubanie meno. Ile nafasi ya ghalani, kwa taarifa yenu, alipewa mtu mwingine kabisa.

Venanti aliporudi kwao alipita kutuaga. Mama akamletea pombe ya ndizi, akainua kata aonje kwanza, kama ilivyo desturi. Venanti akamshika mkono, akaichukua kata kabla haijagusa midomo ya mama, akanywa. Nililitazama koo lake likipanda na kushuka, nikalia.